Hilux ya Baba Mdogo inakunywa maji

*Kikundi: WANA ILULA (familia tu, matangazo ya biashara hapana)*

Jumanne

Baba Mdogo: Kamwene wote. Hii Hilux inanitesa. Kila asubuhi naongeza maji kwenye rejeta, karibu lita mbili, na nikitazama chini ya gari pakavu kabisa. Fundi wa hapa kasema silinda hedi imekwenda, anataka kuifungua. Na Jumamosi nina nyanya za kupeleka Morogoro.

Shangazi Tula: Kamwene kaka. Si juzi tu umetoka gereji?

Baba Mdogo: Ule ulikuwa mkanda wa feni.

Mjomba Dastan: Shemeji usihangaike. Vunja yai moja tia kwenye rejeta. Linaiva humo humo linaziba.

Agneta: Shikamooni wote. Mjomba, kwa heshima zote, yai halichagui pa kuziba. Njia za maji ndani ya rejeta ni nyembamba sana, litaanza na hizo. Baba mdogo, usikubali hedi ifunguliwe bado. Ni ile ile ya 1994, injini aina ya 3L?

Baba Mdogo: Marahaba mwanangu. Ndiyo hiyo hiyo.

Agneta: Huyo fundi alipima nini?

Baba Mdogo: Hakupima. Kasema maji yakipotea bila kuonekana basi injini inayachoma.

Agneta: Inawezekana, lakini injini ikichoma lita mbili kwa siku huo moshi mweupe wangeuona mpaka watu wa kule mlima Image. Faraja yuko hapo nyumbani?

Faraja: Nipo dada. Shikamoo.

Agneta: Marahaba. Kesho asubuhi gari ikiwa baridi kabisa, kabla ya kuwasha, vuta dipstiki uone oili. Ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, hapo nitanyamaza fundi afungue hedi yake. Kisha fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji hadi shingoni, washa injini mfuniko ukiwa wazi, utazame. Viputo viwili vitatu mwanzoni ni hewa tu. Vikija mfululizo bila kukoma, gesi ya silinda inapenya kwenye maji. Na shika mpira wa juu wa rejeta: ukiwa mgumu dakika ya kwanza tu, injini bado baridi, hiyo nayo ni dalili kwamba gasketi ya hedi imeungua.

Agneta: Na mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Hata kwa kitambaa. Nimeshaona mtu kaungua uso.

Jumatano

Faraja: Oili nyeusi ya kawaida. Viputo vilikuja mwanzoni vikaisha. Mpira laini. Moshi hakuna.

Agneta: Basi hedi iachwe ipumzike. Maji yanatoka nje, ila hamyaoni. Kapeti ya upande wa abiria imelowa? Kioo cha mbele kinaingia ukungu ukiwasha hita?

Baba Mdogo: Kapeti kavu. Hita yenyewe haijawahi kutoa joto la maana toka nimeinunua, tunavaa makoti.

Agneta: Hee. Hilo la hita tutalirudia. Faraja, chini ya injini mbele kuna bamba la chuma la kukinga mawe. Lifungue.

Shangazi Tula: Faraja usiingie chini ya gari kwa jeki peke yake!! Weka magogo.

Faraja: Nimeweka shangazi, na mawe nyuma ya matairi.

Faraja: Bamba limetoka. Nati moja imeliwa, nimeikata. Humu ndani kumejaa tope, na upande mmoja limelowa chepechepe.

Agneta: Ndiyo maana chini pakavu. Matone yanaangukia kwenye bamba, tope linayanyonya, na yanayobaki upepo wa feni unayapeperusha yakaukie kwenye injini. Sasa safisha pote mbele ya injini, futa kavu, funga mfuniko, washa mpaka ipate joto, halafu umulike tochi kutoka chini. Mikono na nguo mbali na feni.

Faraja: 📷

Faraja: Naona mstari wa kutu unatokea nyuma ya puli ya feni unashuka. Sasa hivi limedondoka tone. Lingine.

Agneta: Zima injini. Ikipoa shika feni kwa mikono miwili, isukume mbele na nyuma. Inacheza?

Faraja: Inacheza kidogo. Na ukiizungusha inakwaruza.

Agneta: Pampu ya maji hiyo. Chini ya shafti yake kuna kitundu, kimewekwa kiwandani makusudi. Sili ya ndani ikichoka, maji yanatokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Yenu yameshafika hata kwenye beringi, ndiyo huo mkwaruzo.

Mjomba Dastan: Si mzibe hicho kitundu kwa silikoni, Jumamosi ipite?

Agneta: Mjomba 😂 beringi itakufa kabisa, na feni imefungwa juu ya pampu hiyo hiyo. Ikikatikia njiani inaingia kwenye rejeta, halafu tunanunua vyote viwili.

Shangazi Tula: Dastan pumzika kidogo.

Baba Mdogo: Nimeuliza Iringa. Duka moja elfu 85 mpya, lingine elfu 40 ya mtumba.

Agneta: Ya mtumba hapana. Sili yake ina umri kama wa hiyo uliyonayo. Chukua mpya yenye gasketi yake, na uizungushe kwa mkono hapo hapo dukani: iende laini, isikwame. Nunua pia mfuniko mpya wa rejeta, wa zamani ulioandikwa 0.9 upeleke uwe mfano.

Baba Mdogo: Mfuniko nao una shida gani? Unafunga vizuri.

Agneta: Kazi yake si kufunika tu, unashikilia presha. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 toka usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi kama 95 tu. Ule mfuniko ukishika presha yake, maji yanavuka 110 kabla hayajachemka. Mpira wake ukipasuka au springi ikilegea, unapanda mlima Kitonga na mzigo huku maji yanachemka mapema na kutokea kwenye kidumu cha akiba cha rejeta. Gari ya miaka 30, mfuniko ni bei ya kuku. Badilisha.

Alhamisi

Faraja: Pampu ya zamani imetoka. Dada, nimefungua na pale unapoingia mpira, ulisema niangalie themostati. Hakuna kitu. Pako wazi.

Agneta: Nilijua tu, ndiyo hiyo hita yenu ya makoti. Nani aliitoa?

Baba Mdogo: Niliinunua hivyo. Aliyeniuzia alisema wameitoa ili injini isichemshe, gari za huku zote hawaweki.

Agneta: Hapo ndipo mafundi wetu wananikera. Themostati ni vali inayofungua njia ya rejeta maji yakipata joto, na za injini hizi zina kisahani cha chini. Injini ikipata joto, kinaziba njia ya mkato ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoozwa. Na njia ya rejeta nayo iko wazi toka unapowasha, kwa hiyo asubuhi injini haipati joto, inakula dizeli. Na mlimani ndiko inakochemsha zaidi. Walitibu kinyume.

Mjomba Dastan: Mimi yangu haina toka 2009 na inakwenda Singida.

Agneta: Singida tambarare mjomba.

Faraja: 😂😂

Agneta: Mkinunua ipimeni kabla ya kuifunga. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, chemsha. Maji yakikaribia kuchemka uione ikifunguka, ikitolewa ipoe ijifunge. Ikigoma irudisheni dukani.

Shangazi Tula: Sufuria ya nani?

Agneta: Ikiwa mpya haina ubaya shangazi. Ila kulanti, ile dawa ya kutia kwenye maji ya rejeta, isiguse chombo cha jikoni hata kidogo. Ni sumu, na ina utamu, mbwa na watoto wanaionja. Ikimwagika, mwagieni maji mengi pafutike.

Ijumaa

Faraja: Themostati imefunguka, tumeifunga. Uso wa injini nimekwangua gasketi yote ya zamani. Bolti nimekaza kwa kupishana, kidogo kidogo kama ulivyosema.

Agneta: Vizuri. Silikoni umepaka?

Faraja: Hapana, gasketi kavu.

Agneta: Afadhali. Ile inayozidi hukatika ikazunguka na maji. Suuzeni rejeta kwanza mpaka itoke safi. Kulanti ikiwa nzito, nusu kwa nusu na maji ya mvua. Ya kisima yana chumvi, ndiyo yaliyojaza kutu humo. Ikiwa imeandikwa tayari kutumika, usiongeze kitu. Gari iangalie mlimani, pua juu. Hita fungua mwisho. Jaza taratibu, washa mfuniko ukiwa wazi, ikishuka ongeza, mpaka mpira wa chini uwe wa moto. Mpira wa chini ukipata moto jua themostati imefunguka na hewa imetoka.

Baba Mdogo: Imekunywa nyingi! Ila hita sasa inaunguza miguu.

Jumapili

Baba Mdogo: Nimerudi salama. Kitonga nimepanda na saruji mifuko 20, geji haikuvuka nusu. Niliyapita malori mawili yamefungua boneti.

Shangazi Tula: Asante Mungu. Na Agneta.

Agneta: Asante shangazi. Baba mdogo, asubuhi ikiwa baridi tazama kidumu. Mara hii ya kwanza ikipungua kidogo ni hewa iliyobaki, ongeza. Ikiendelea kupungua wiki nzima niambie. Na lile bamba limerudi?

Faraja: Bado, nati ile niliyoikata sijapata ya kufanana. Kesho naipeleka mfano kwa wauza vyuma stendi.