Nyumba ya Pinney mjini Bristol: habari za Pero ziwekwe wapi?

MWANZISHA MADA

Wanajamvi, salaam. Ninaleta mezani nyumba moja ya Bristol, Uingereza: namba 7 Great George Street. Ilijengwa karibu mwaka 1790 kwa ajili ya John Pinney, aliyekuwa na shamba la miwa la Mountravers, lililolimwa na watumwa, katika kisiwa cha Nevis, Karibi. Mmoja wa watumwa wake, Pero, aliishi naye humo. Leo ni makumbusho ya jiji, nalo jengo limeorodheshwa kisheria katika daraja la pili lenye nyota. Kwa sheria ya mwaka 1990, kubadilisha tabia ya jengo la namna hiyo bila kibali, hata kwa ndani, ni kosa la jinai.

Wapo wanaosema nyumba hii iachwe ijieleze kama kazi ya usanifu: uso wake wa mawe, madirisha marefu yaliyopangwa kwa ulinganifu, ngazi, samani za zama zile. Mambo ya utumwa, wanasema, yapewe chumba chake pembeni, anayetaka aende akasome. Mimi napinga. Habari za utumwa ziwekwe katika kila chumba, kuanzia jikoni.

Sababu yangu iko kwenye jengo lenyewe. Shuka hadi chini kabisa, chini ya usawa wa barabara. Kuna jiko, chumba cha kufulia, chumba cha msimamizi wa watumishi, na bwawa dogo la mawe ambamo Pinney alikuwa akijitosa kwenye maji baridi. Ni nani aliyepanda na kushuka ngazi zile kutwa? Kwa miaka kadhaa mmoja wao alikuwa Pero. Pinney alimnunua Nevis mwaka 1765, akiwa mtoto wa miaka 12, pamoja na dada zake wadogo Nancy na Sheba. Alifundishwa kunyoa na kung'oa meno, akawa mtumishi wa karibu wa bwana wake, akaletwa Uingereza familia ilipohamia huko mwaka 1783. Alifariki mwaka 1798 bila kupewa uhuru.

Alikuwepo pia Fanny Coker, aliyezaliwa shambani Mountravers mwaka 1767. Yeye aliachwa huru mwaka 1778, akawa mlezi wa watoto wa Pinney na mtumishi wa mkewe, na mjini Bristol alisali na Wabaptisti wa Broadmead.

Pinney mwenyewe aliandika katika barua kwamba mara ya kwanza kuona binadamu wakiuzwa alishtuka. Kisha akajituliza kwamba bila shaka Mungu ndiye aliyepanga iwe hivyo. Mtu huyo ndiye aliyekaa kwenye ofisi ile ya ghorofa ya chini, na hesabu za sukari ndizo zilizolipa mafundi wa mawe. Ukimsifia mgeni dari na samani ukanyamaza kuhusu fedha iliyozinunua, umempa nusu ya historia ya ujenzi. Wenye mawazo tofauti, karibuni.

MCHANGIAJI WA PILI

Mkuu, hoja yako naiheshimu, ila naona hatari mbili. Kwanza, nyumba za mjini za karne ya 18 zilizobaki na vyumba vya juu na vya chini vikiwa kamili ni chache. Ukijaza mabango na skrini kila ukuta, utaharibu kile kile kinacholindwa. Pili, Bristol haijanyamaza. Pale bandarini kuna daraja la watembea kwa miguu lililopewa jina la Pero tangu mwaka 1999. Sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa, iling'olewa na waandamanaji tarehe 7 Juni 2020 ikatupwa majini karibu na daraja hilo hilo, na baadaye ikaoneshwa katika makumbusho ya M Shed ikiwa na rangi zake za maandamano. Je, kila jengo libebe mzigo ule ule?

MCHANGIAJI WA TATU

Nakaa Unguja. Kabla hatujawanyooshea kidole, tukumbuke nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, pale Shangani. Imo ndani ya Mji Mkongwe, ambao ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Mgeni huoneshwa mlango wake wa nakshi na kupigwa picha. Waliobeba pembe kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo, hawatajwi hata kwa sentensi. Swali hili ni letu pia.

MWANZISHA MADA

Ndugu wa pili, kuhusu mabango tuko pamoja: sitaki hata msumari mmoja upigwe ukutani. Maneno ya mwongozaji hayahitaji kibali cha ujenzi. Karatasi ya kushika mkononi haigusi plasta. Chumbani alikonyolewa Pinney, itajwe mikono iliyoshika wembe. Mezani penye bakuli la sukari, itajwe Mountravers.

Ila daraja la bandarini halitoshi. Daraja linatoa heshima, halielezi Pero aliishi vipi. Nyumba ndiyo inayoweza, kwa sababu kuta zake ndizo alizokaa ndani yake. Na tusidhani habari zinaishia kwa mzee Pinney. Mwanawe Charles alikuwa meya wa Bristol wakati wa ghasia za mwaka 1831, na utumwa ulipofutwa katika makoloni alikuwa miongoni mwa waliolipwa fidia kutoka zile pauni milioni 20 zilizotengwa na bunge. Waliokuwa watumwa hawakupata senti.

Wa Unguja, nimekusikia, na sina la kujitetea. Nakuomba ufungue mada ya Shangani, uanze na majina ya wapagazi na watumwa yanayojulikana, kama yapo kwenye kumbukumbu za huko. Nitachangia.