Naombeni ushauri: nasoma simulizi za walionusurika kambi za Stalin, na Mzee wangu aliyesoma Moscow anaumia

Mwalimu wa Kihonda:

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni.

Nimekwama pahala, naombeni mawazo yenu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Tangu mwezi wa nne nasoma vitabu vya watu waliopitia Gulag, yaani kambi za kazi za shuruti za Urusi ya Kisovieti enzi za Stalin. Nilianza na kile cha Solzhenitsyn, mwandishi Mrusi aliyefungwa huko, kuhusu siku moja ya mfungwa Ivan Denisovich, nilikipata kwa muuza vitabu vya mtumba. Nilikimaliza kwa siku mbili. Nikaingia kwa Varlam Shalamov, mfungwa mwingine, visa vyake vya Kolyma, eneo la kambi kaskazini-mashariki ya mbali ya Urusi. Hapo ndipo nilipokwama.

Shida ya kwanza ni kwamba nikisoma visa viwili tu, usingizi unakata. Kuna kimoja kinahusu maseremala. Wafungwa walikuwa hawaonyeshwi kipimajoto, kwa hiyo walijifunza kuikadiria baridi wenyewe. Ukungu wa barafu ukitanda, ni nyuzi 40 chini ya sifuri. Ukipumua pumzi ikatoa sauti lakini huhemi kwa shida, 45. Sauti ikiwepo na unahema, 50. Zikipita 55, mate yanaganda hewani kabla hayajafika chini. Hayo nimeyasoma nimekaa barazani, jua la saa tisa, na nikajikuta nimeficha mikono kwapani. Mwandishi halii wala hakwambii ulie. Anahesabu tu.

Shida ya pili ndiyo kubwa. Mzee wangu alisomea uhandisi Moscow, alifika Septemba 1973 akarudi 1979. Nchi ile ilimsomesha bure, mtoto wa mkulima kutoka Kilosa. Cheti alichorudi nacho ndicho kilichotusomesha sisi wote sita. Picha yake na koti lile zito la manyoya iko sebuleni hadi leo. Sasa siku moja mezani akaona jalada, akauliza kinahusu nini, nikamweleza. Akaniambia, "Mimi nimeishi kule miaka sita. Sikuona kambi." Akanawa mikono, akaondoka, chakula hakijafika nusu.

Wiki ya tatu hii tunaishia shikamoo na marahaba. Mama anataka nivifungie vitabu kabatini yaishe. Sitaki Mzee akubali chochote. Ninachotaka ni asiione kama namtukania maisha yake. Je, niache? Na kama naendelea, niendelee vipi, na kwake nianzie wapi?

Dada Kitabu:

Pole mdogo wangu. Kwa upande wa kusoma: usiache, ila Shalamov mweke pembeni mwezi mmoja. Umerukia kilindini moja kwa moja.

Mchukue Yevgenia Ginzburg. Alikuwa mwalimu kama wewe, na mwandishi wa gazeti kule Kazan, mwanachama mwaminifu wa Chama cha Kikomunisti. Walimkamata Februari 1937, wakampa miaka 10. Ameandika juzuu mbili. Kinachokushika kwake ni kwamba kichwa chake kinaendelea kufanya kazi. Gerezani wanazungumza na wa chumba cha pili kwa kugonga ukuta, herufi kwa herufi. Ndani ya behewa la mizigo, wanawake wamejazana na maji ni ya kupimiana, yeye anawasomea mashairi kutoka kichwani, mpaka walinzi wanadhani kuna kitabu kimefichwa. Porini Kolyma, kwenye kukata magogo, anakuta matunda madogo mekundu yaliyolala chini ya theluji majira yote ya baridi. Ukifika hapo kwenye matunda utanikumbuka.

Mwanawe mdogo alikuwa na miaka minne siku mama anachukuliwa. Walionana tena Magadan, mji mkuu wa Kolyma, kijana ana miaka 16, na usiku ule wa kwanza akaanza kumsomea mama yake mashairi yaleyale ambayo mama aliishi nayo kambini. Huyo mtoto ni Vasily Aksyonov, naye akawa mwandishi mkubwa.

Ukitoka hapo rudi kwa Shalamov, utamwelewa vizuri zaidi. Yeye hakukubaliana na Solzhenitsyn kwenye jambo la msingi. Ivan Denisovich anajenga ukuta, na hata kazi ikishasimamishwa anaendelea kupanga matofali ili udongo usipotee bure. Kuna fahari pale, heshima ya fundi imebaki. Kwa Shalamov kambi haimfundishi mtu kitu chochote chema, hata kwa saa moja. Alimwandikia Solzhenitsyn kumsifia kitabu, lakini akamuuliza iweje paka anatembea kambini. Kwenye kambi halisi angeshaliwa zamani. Ukishajua hilo, huwezi tena kuwasoma kama watu wanaosema kitu kimoja.

Msemakweli77:

Mimi naenda tofauti. Mzee wako mwache na heshima yake. Wakati sisi tunatafuta silaha za kuwasaidia ndugu zetu wa Msumbiji na Angola, nani alitoa? Kamati ya Ukombozi ya Afrika ilikuwa hapa hapa Dar es Salaam, na bunduki zilizofika Nachingwea, kwenye kambi ya wapiganaji wa Msumbiji, hazikutoka London. Vitabu hivi vimesukumwa sana na Magharibi enzi za vita baridi kutuharibia marafiki. Mtoto wa mkulima alisomeshwa bure, leo binti yake anakula chakula cha cheti hicho huku anasoma ubaya wa aliyemsomesha. Kwangu si adabu.

Mwana wa Nyeri:

Salamu kutoka Kenya. Ndugu Msemakweli, silaha ni kweli na shukrani ni haki. Lakini mfungwa wa Kolyma hakumkosea mtu wa Msumbiji. Mmoja akisaidiwa haina maana mwingine hakuteswa.

Nisikilizeni kidogo. Babu yangu alikuwa kambi ya kizuizi ya Manyani wakati wa hali ya hatari, enzi za Mau Mau, mikononi mwa Waingereza. Si utawala mmoja na ule wa Stalin, wala sisemi vilikuwa sawa, kila kambi ina mambo yake. Babu hakuwahi kutusimulia. Lakini nikiwa mdogo nilimwona anahesabu mbuzi watano watano, na chifu akiita watu wasimame mstari, yeye anachuchumaa. Tulidhani ni magoti. Baadaye nikasoma kitabu cha J. M. Kariuki cha 1963 juu ya maisha yake kizuizini, nikasoma cha Gakaara wa Wanjau aliyekiandika kwa Kikuyu, nikaja kujua kwamba wafungwa walichuchumalishwa kwa mafungu ya watano ili wahesabiwe. Na nilipokutana na Ivan Denisovich, pale getini, wanahesabiwa watano watano tena na tena kwenye baridi kwa sababu hesabu haitimii, nilifunga kitabu nikaenda kukaa kaburini kwa babu.

Waingereza wengi waliishi Nairobi miaka ile na wangekuapia kwamba hawakuona kambi. Wengine hawadanganyi. Kambi ya Hola ilijulikana kwa sababu watu 11 waliuawa kwa kipigo tarehe 3 Machi 1959 na haikufichika.

Ushauri wangu kwa mwalimu: mtu aliyenyamaza, usimvute. Hata kama Mzee wako si mfungwa, kuna kitu anakilinda.

Mkongwe wa Voronezh:

Nilisoma kule miaka ya themanini, kwa hiyo namjua Mzee wako bila kumjua.

Kwanza nimjibu Msemakweli kwa heshima. Kile cha Ivan Denisovich hakikuanzia Magharibi. Kilitoka Moscow, kwenye jarida la Novy Mir, Novemba 1962, na Khrushchev mwenyewe, kiongozi wa nchi baada ya Stalin, ndiye aliyeruhusu. Huyo huyo, Februari 1956, aliwasomea wajumbe wa chama hotuba ya ndani kuhusu makosa ya Stalin. Warusi walianza kuyasema wenyewe, ndipo mlango ukafungwa tena baada ya Khrushchev kuondolewa 1964. Nyaraka zilipokuja kufunguliwa, hesabu ya wanahistoria ni watu wapatao milioni 18 waliopita kwenye kambi na makoloni ya kazi kati ya 1930 na 1953. Hao wengi wao ni Warusi, Waukraine, Wakazakh, ndio watu waliotufundisha na kutupikia sisi wanafunzi.

Pili, mwalimu, elewa kwamba Mzee amesema kweli. Hakuona. Stalin alikufa Machi 1953 na kambi nyingi zikavunjwa miaka iliyofuata. Zilizobaki kwa wafungwa wa siasa zilikuwa mbali na macho ya mgeni. Sisi tulikuwa na bweni, maktaba, posho ya kila mwezi. Kule kwetu alikuwepo bibi mmoja wa usafi, alinishonea vifungo vya koti majira mawili ya baridi. Siku moja nikamuuliza alijifunzia wapi kushona haraka vile. Akasema, "Kaskazini." Akaendelea kushona. Mimi nikafikiri ni mji. Nimekaa miaka 20 ndipo neno lile likaniamkia usiku.

Kwa hiyo Mzee ukimwambia "kulikuwa na kambi", anachosikia ni "wale waliokupenda walikuwa waovu". Sivyo, na wewe husemi hivyo, lakini ndivyo linavyomfikia.

Tatu, na hili ndilo la kufanya. Wewe unasoma tafsiri ya Kiingereza. Yeye anasoma Kirusi. Katika nyumba yenu nzima ni yeye peke yake anayeweza kukisikia kile kitabu kwa sauti yake. Mwendee kama mwanafunzi anayeomba msaada. Kisa cha kwanza kabisa cha Kolyma hakifiki kurasa mbili. Hakina kipigo wala maiti, ni watu wanatengeneza njia kwenye theluji. Kichape kwa Kirusi, herufi kubwa kidogo kwa ajili ya macho, umpelekee. Na uanze na lile koti la kwenye picha.

Muuguzi wa Zamu:

Mimi ni la usingizi tu. Visome mchana, si kitandani. Kimoja kwa siku, na ukimaliza fanya kazi ya mikono, chambua mchele, fua. Nilivyosoma habari za Rwanda ndivyo nilivyoweza kuzimaliza.

Mwalimu wa Kihonda:

Asanteni sana, hata wewe Msemakweli, umenisemea maneno ambayo Mzee angeyasema. Mkongwe, nimesoma habari ya yule bibi mara tatu. Jumamosi nitajaribu.

Mwalimu wa Kihonda:

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Jumamosi jioni nilimpelekea chai, nikamuuliza koti la kwenye picha alilipataje. Akaniangalia kwanza. Halafu akasimulia saa nzima. Walipofika walipelekwa dukani kwa kundi, lake lilikuwa refu mpaka akalikanyaga kwenye ngazi. Majira yake ya kwanza ya baridi ndiyo yale ya 1974, Solzhenitsyn alipofukuzwa nchini mwezi wa pili. Sikulitaja mimi. Alilitaja mwenyewe. Alisema asubuhi ile mwalimu wao wa Kirusi, mama mtu mzima, aliingia na gazeti, akalikunja mara nne, akaliweka ndani ya mkoba na kusema wafungue sarufi. Kipindi kizima hakuwaangalia usoni. "Nilidhani anaumwa," Mzee akasema.

Ndipo nikampa karatasi. Nikamwambia Kiingereza changu kinaniacha, anisaidie. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Sikuwahi kusikia baba yangu akisoma Kirusi. Sauti yake ilikuwa ya kijana.

Ni habari ya mtu anayetangulia kwenye theluji isiyo na njia, anazama, anatoa jasho, anajitafutia vitu vya kuvilenga kwa macho mbele. Nyuma yake wanakuja watano sita bega kwa bega, na hawapiti kwenye nyayo zake, wanapita kando yake, ili njia ipanuke. Wote wakifuata nyayo zake kitabaki kichochoro. Mzee alikwama kwenye kitenzi kimoja. Akajaribu "wanakanyaga", akakataa. "Wanapita", akakataa. Alitoka nje, akarudi, akasema, "Wanavyoga. Wanaivyoga theluji." Akakiandika kwa kalamu pembeni ya karatasi, akapiga mstari chini yake.

Kisa kinaishia kwa kusema kwamba watakaopita njia ile juu ya matrekta na farasi si waandishi, ni wasomaji. Mzee alikaa na mstari huo muda mrefu. Akaniuliza huyu mtu alikufa lini. Nikamwambia Januari 1982, na kwamba alirudi kutoka Kolyma, akaishi Moscow kuanzia 1956.

"Kwa hiyo nilipokuwa kule, naye alikuwepo."

Nikasema ndiyo.

"Mji ule ule."

Leo asubuhi kabla sijaenda kazini amenikumbusha nichape kisa cha pili, na herufi niziongeze ukubwa.