Naomba ushauri: nisome upishi VETA au nirasimishe ujuzi nilionao?

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Nipo Arusha, kidato cha nne nilipata D mbili. Tangu nimalize shule napika kwenye mgahawa mdogo: supu ya asubuhi, chapati, pilau, mchuzi. Kazi hii naipenda kutoka moyoni na nataka kufika jikoni kwenye hoteli kubwa au kambi za watalii.

Nimepeleka maombi hoteli kadhaa, kote wanauliza cheti. Chuo cha Taifa cha Utalii wanataka angalau D nne, hapo sifiki. Imebaki VETA, yaani mafunzo ya ufundi stadi ya serikali: kuanza kozi ngazi ya kwanza, au kurasimishiwa ujuzi nilioupata kazini, yaani kupimwa na kupewa cheti. Hii ya pili ingeniacha niendelee na kazi, maana mama ananitegemea. Lakini sosi za kizungu, kuchambua nyama kitaalamu, utunzaji wa chakula kwa viwango vya hoteli, hayo hakuna aliyenifundisha, na ndiyo ninayoyatamani zaidi.

Mliopo kwenye majiko ya hoteli: cheti cha urasimishaji kinapokelewa sawa na cha kozi? Na nikisoma, ngazi ya kwanza pekee inatosha kuajiriwa kama msaidizi wa mpishi? Natanguliza shukrani.