Nimeuziwa mtoto wa mbwa mgonjwa, kafa siku ya tano. Wauzaji hawa wanasimamiwa na nani?

Mama Asali, Ipuli Tabora

Mwangaluka wakuu. Naomba mnisome hadi mwisho, maana jambo hili limeniuma na sijui pa kulipeleka.

Ninauza asali. Stoo yangu iko nyuma ya nyumba, na mwezi wa kwanza wezi waliruka ukuta wakaondoka na ndoo tatu. Nikaamua kutafuta mbwa wa mbegu, Jemani. Nikampata muuzaji wa Dar kwenye WhatsApp. Picha nzuri, maneno matamu: watoto wana wiki nane, wamezaliwa tarehe 24 Januari, wamechanjwa chanjo zote, kadi ipo. Nikamwomba picha ya mama yao, akasema mama yupo shamba, huko mtandao unasumbua. Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Sikusimama. Nikatuma 350,000 kwa simu, na konda nikamlipa 20,000 nyingine.

Tarehe 21 Machi, Jumamosi, basi likaingia hapa saa nne usiku. Mtoto alikuwa ndani ya boksi la mafuta ya kupikia lililotobolewa kwa kisu matundu manne. Amelowa mkojo wake mwenyewe tangu alfajiri, manyoya ya tumbo yameganda. Kijana wangu wa miaka tisa akamwogesha kwa maji ya vuguvugu, akamwita Shujaa.

Jumatatu asubuhi akaanza kutapika povu. Mchana akaharisha damu, harufu yake sitaisahau. Aliweka kidevu kwenye ukingo wa bakuli la maji, akabaki anayatazama tu bila kunywa. Daktari wa mifugo akamtundikia dripu siku tatu. Alipomfungua mdomo akaniambia magego hayajatoka, huyu hafiki hata wiki tano. Alhamisi akafa.

Muuzaji nikampigia, akasema nimemlisha vibaya. Sasa hivi kaniblock, na tangazo lake bado lipo, na watoto wengine sita.

Swali langu: mtu anayezalisha mbwa na kuuza nchi nzima, nani anamkagua? Na mimi mnunuzi nina haki gani?

Bwana Mifugo, Urambo

Pole sana dada. Maelezo yako yanaonyesha parvo. Virusi hivyo vikiingia mwilini hukaa siku 3 hadi 7, wakati mwingine zaidi, kabla dalili hazijaonekana. Wako alipakiwa Jumamosi alfajiri, akatapika Jumatatu asubuhi. Hakuupata ugonjwa Tabora, na chakula chako hakihusiki. Alitoka nao huko.

Hiyo kadi unayo? Andika hapa tarehe za chanjo.

Mama Asali, Ipuli Tabora

Ninayo mkononi. Tarehe 3 Februari, tarehe 24 Februari, tarehe 17 Machi. Zote kwa kalamu moja ya bluu, mwandiko mmoja. Hakuna muhuri, hakuna jina la daktari.

Bwana Mifugo, Urambo

Basi tazama. Chanjo ya parvo huanza mtoto akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Inarudiwa kwa sababu kinga aliyoipata kwenye maziwa ya kwanza ya mama huizima chanjo inayochomwa mapema. Kwa tarehe aliyokutajia muuzaji, chanjo ya kwanza alichomwa akiwa na siku kumi! Na kama daktari alisoma meno vizuri, tarehe 3 Februari mtoto huyo alikuwa bado tumboni mwa mama yake. Halafu kwenye chupa ya chanjo kuna kibandiko chenye namba ya toleo. Sisi hukibandua na kukibandika kwenye kadi. Kadi isiyo na kibandiko wala muhuri ni karatasi tu.

Kuhusu sheria. Ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya 2008, inayokataza kumtesa mnyama, na namna ya kumsafirisha imo. Lile boksi ni kosa. Kwa upande wako mnunuzi, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamgusa muuzaji huyo, kwa sababu anafanya biashara na alikuuzia kitu kisicholingana na alivyokieleza. Tunza ujumbe wote wa WhatsApp, risiti ya muamala, na maandishi ya daktari.

Ila niseme linaloniumiza mimi kazini. Miaka yote hii hapa wilayani sijaona mtu amekuja kuniambia, "Nazalisha mbwa wa kuuza, njoo ukague." Tunakutana na mizoga tu. Uingereza wao tangu 2018 anayezalisha mizao mitatu au zaidi kwa miezi 12 na kuuza watoto, lazima awe na leseni ya halmashauri. Haruhusiwi kuuza mtoto wa chini ya wiki 8, na mnunuzi lazima amwone mtoto akiwa na mama yake. Mwaka 2020 wakaongeza ile iitwayo Sheria ya Lucy, kwa jina la mbwa jike aliyeokolewa kwenye shamba la kuzalishia: dalali haruhusiwi tena kuuza mtoto wa mbwa au paka wa chini ya miezi 6. Hili la dalali ndilo tunalolihitaji hapa kesho asubuhi. Huenda huyo wako hana hata mbwa jike mmoja, anakusanya tu kwa watu.

Kijana wa Ng'ambo

Mama pole. Ila mbwa wa kienyeji wapo bure kila mtaa, wanabweka vizuri na wanavumilia. Mbwa wa laki tatu na nusu wa nini?

Mfugaji wa Gungu, Kigoma

Kijana, hata wa kienyeji anayegawiwa na wiki nne atakufa vilevile. Tatizo si mbegu.

Mama Asali, mimi nina majike wawili, na kila mmoja nampandisha mara moja kwa mwaka, si zaidi. Niliwahi kumchukua jike kwa mtu aliyekuwa anamzalisha kila akiingia joto. Alikuja chuchu zimeburuta chini, mbavu unazihesabu, na ukimkaribia kibanda anajikunyata kwenye kona kana kwamba umeshika fimbo. Alikuwa na miaka minne tu. Kwangu hakuzaa tena, alikula na kulala mpaka alipokufa. Ndiyo sababu picha ya mama haitumwi.

Sheria naitaka, hata leo. Ila ipimwe kwa idadi ya mizao. Mkituwekea ada moja mimi na mwenye majike ishirini, mimi nitaacha, yeye atalipa na kuendelea.

Mama Asali, Ipuli Tabora

Bwana Mifugo, nashukuru. Kesho napeleka karatasi mahakama ya mwanzo, na kadi nitaiacha nakala ofisi ya mifugo. Uani nimemwaga jiki, inatosha?

Bwana Mifugo, Urambo

Kwenye sakafu ya saruji inatosha, kipimo kimoja cha jiki kwa thelathini vya maji, iache dakika kumi. Kwenye udongo haitoshi. Virusi hukaa humo miezi mingi, hasa kivulini. Usilete mtoto ambaye hajamaliza chanjo.

Mama Asali, Ipuli Tabora

Mfugaji wa Gungu, wako wanazaa lini? Na unaweza kumkalisha mtoto kwako mpaka wiki ya 16? Chakula chake nitalipa.

Mfugaji wa Gungu, Kigoma

Mmoja ana mimba ya mwezi na nusu, kwa hiyo baada ya wiki mbili tatu hivi. Nitamkalisha. Lakini sitatuma kwa basi. Panda treni uje na kijana wako, amwone mama yao kwanza.