Masista wageni wanakuja kigangoni kwetu Chamwino, muheme, ngoma ya wamama wa Kigogo, ipigwe au isipigwe?

mama_wa_kigango
Mbukwenyi wana Dodoma, na Tumsifu Yesu Kristo kwa Wakatoliki wenzangu.

Niko uongozi wa WAWATA (umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania) kigango kimoja huku wilaya ya Chamwino. Mwezi wa saba tunapokea masista, wengine wanatoka Italia na India, wengine Watanzania wa mikoa mingine ila Ugogoni hawajawahi kufika, na watalala majumbani kwetu sio parokiani. Sasa kikao cha maandalizi kimekwama. Wamama wanataka muheme ipigwe kuanzia barabarani mpaka kanisani, mzee mmoja wa kamati kakataa katakata, anasema ile ni ngoma ya jando, zamani ilipigwa mabinti wakitoka kuchezwa na wengi walikuwa wanakeketwa hukohuko, tutawachezeaje watawa? Yeye anataka tukodi spika kwaya iimbe kwa kinanda. Na chakula ndo balaa lingine, kuna wanaosema wapikiwe wali kuku na soda siku zote, eti mlenda na ugali wa uwele ni kuwadharau wageni. Kwa kweli inaniuma. Naombeni mawazo.

Katekista mstaafu
Milele amina mama. Muheme ipigwe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano kwenye hati ya Liturujia ya mwaka 1963 ulishasema muziki wa asili wa watu upewe heshima yake katika ibada, na huku kwetu zeze na muheme vinasindikiza matoleo miaka na miaka, sio jambo geni hata kidogo. Mzee wenu msimbeze lakini, ya jando anayosema ni kweli kabisa na anaogopa kwa sababu ya msingi. Ila kilichoumiza mabinti ni wembe, ngoma haikushika wembe. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 ilikataza kukeketa watoto wa kike, haikukataza mtu kupiga ngoma, na hapa kwetu nawajua wamama waliogoma kabisa mabinti zao wasikeketwe na hao hao ndo wapigaji wazuri wa muheme. Mwambieni hivyo kwa upole, mkiwa mmekaa naye nyumbani kwake, sio kikaoni mbele za watu.

Sista_wa_Kagera
Mimi ni mtawa, Mhaya, nimetumwa huku kati na nimekaa vijiji vya upande wa Mpwapwa, kwa hiyo niliwahi kuwa huyo mgeni unayemuongelea. Mwanzoni kila nyumba nikifika ni wali na soda, najua walijinyima, na bado nilikuwa naondoka siwajui. Nilianza kuwajua siku bibi mmoja aliponiweka jikoni nitwange naye, akanionyesha majani ya mlenda yanavyochumwa masika yakaanikwa yakasagwa unga wa kutumika kiangazi chote ambapo mboga mbichi hakuna, hapo ndo nikaelewa watu wanaishije na mvua ya miezi minne mitano tu. Wapeleke korongoni wakaone wamama wanavyofukua mchanga kutafuta maji, wabebe ndoo nao, sisi tumezoea kazi jamani msituogope. Wapikieni ugali wa uwele na mlenda na karanga, kuku achinjwe siku moja ya sherehe inatosha sana. Na wale wa nje maji yao yachemshwe na maziwa pia, matumbo bado hayajazoea, ni afya tu wala sio dharau.

Muheme wamama walinifundisha nimeibana magotini na kanzu langu la kitawa, hakuna aliyeshangaa. Naomba kitu kimoja tu, msituweke meza kuu yenye kitambaa halafu nyie mkachezea mbali pale juani, tuiteni katikati.

kijana_Nzuguni
Naunga mkono sista. Mi niliwahi kwenda tamasha la muziki wa Kigogo pale Chamwino Ikulu, watu wanatoka nchi za mbali kuja kusikia vitu ambavyo sisi nyumbani tunavionea aibu, kwa kweli nilisikitika. Kuna la picha pia, ongeeni nao mapema, wazazi waombwe kabla watoto hawajapigwa picha, na bibi akikataa basi yaishe, mtu asitolewe picha amekaa mlangoni kwenye tembe lake halafu ikazunguke huko bila yeye kujua.

mama_wa_kigango
Asanteni sana, sista Mungu akubariki. Kesho naenda kwa mzee na katekista wetu. Swali la mwisho, muheme iingie mpaka ndani kwenye misa au iishie mlangoni?

Katekista mstaafu
Iingie, ila muulizeni baba paroko mapema na mpange ni wapi, maandamano ya kuingia na matoleo panatosha, kwaya nao wapewe nafasi yao wasije wakanuna. Na mwezi wa saba asubuhi huku ni baridi, ngozi zinalegea, mtu mmoja awahi kuwasha moto nje azipashe ngoma kabla watu hawajafika.