Mrejesho: majaribio yaliyokuwa yanafeli kwa zamu kwenye seva bandia ya malipo

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini majaribio ya mfumo wa malipo ya wakulima wa kahawa Mbozi yanapita moja moja, ila yakienda pamoja yanafeli kwa zamu. Seva bandia (inayojifanya mtandao wa malipo na kutoa majibu tuliyoipangia) ni WireMock, majaribio yanaendeshwa na Playwright.

Kilichosaidia zaidi ni kutuma ombi la POST kwenye `/__admin/reset`, linalofuta majibu yaliyopangwa na jaribio lililopita, kabla ya kila jaribio, si baada. Mchakato ukiuawa katikati, usafi wa mwisho haufanyiki na jibu la 500 (kosa la seva) lililopangwa na jaribio hilo linabaki kulisubiri jaribio linalofuata.

`scenarioName`, inayofanya seva bandia ibadili jibu hatua kwa hatua, nayo imekubali: anayeuliza hali ya malipo mara ya kwanza anapewa PENDING, `newScenarioState` inageuka, mara ya pili anapewa SUCCESS. Hali ya kuanzia iandikwe `Started`, S kubwa.

Kilichogoma ni kuendesha majaribio kwa michakato 4 sambamba kwenye seva bandia moja, maana mchakato mmoja ukisafisha unafuta majibu ya mingine. Sasa kila mmoja una seva yake, poti 8081 hadi 8084, kwa kujumlisha 8081 na `parallelIndex` (namba ya nafasi ya mchakato, 0 hadi 3). Msitumie `workerIndex`! Hiyo huongezeka kila mchakato unapoanzishwa upya baada ya jaribio kufeli, mwishowe unaita 8085 ambayo haipo.

Tatizo lililobaki: bekiendi (programu ya mfumo wetu inayoita seva ya malipo) nayo inahitaji nakala 4, kila moja na anwani yake ya seva bandia. Kompyuta ya ofisini hapa Mwanjelwa ina RAM ya GB 8, haibebi. Kwa sasa naendesha michakato 2 tu.