Y-27632 na nyuzi ndefu za seli: je, tunaweza kusema neva imeota upya?

Mdadisi wa Seli
Habari za kazi, ndugu zangu. Ninasomea baiolojia ya seli, na kwa wiki kadhaa nimekuwa nikikuza seli za PC12, zile zilizotokana na uvimbe wa tezi ya adrenali ya panya, na kuziwekea kemikali ya Y-27632 kwa kiwango cha maikromola 10. Baada ya saa chache, seli zilizokuwa duara hujinyoosha na kutoa nyuzi nyembamba ambazo sahani isiyo na dawa haina. Katika ripoti niliandika kwamba kemikali hii "huotesha neva upya", na msimamizi wangu akayapigia maneno hayo mstari mwekundu bila kueleza zaidi. Nimekosea wapi?

Mzee wa Darubini
Msimamizi wako ana haki, ingawa angekutendea wema kama angeandika hata sentensi moja pembeni. Y-27632 haiisukumi seli ikue, bali huondoa breki. Ndani ya seli kuna kimeng'enya kiitwacho ROCK, ambacho huamshwa na protini ya RhoA na kuifanya protini ya miosini ivute nyuzi za aktini, zile za ndani zinazoipa seli umbo. Mvuto huo ukizidi, ncha inayokua ya aksoni, yaani uzi mrefu wa seli ya neva, hujikunja na kusimama. Kemikali yako hukaa katika nafasi ambayo ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, ingekaa kwenye kimeng'enya hicho, mvuto ukalegea, na ncha ikapata nafasi ya kusonga mbele.

Sasa tazama hali ilivyo kwenye uti wa mgongo uliojeruhiwa. Mabaki ya mielini, yaani ala ya mafuta inayofunika aksoni, yana protini kama Nogo na MAG, na kovu lina proteoglikani za kondroitini, yaani protini zenye minyororo ya sukari. Vyote hivyo huzuia aksoni, na sehemu kubwa ya amri yao ya "simama" hupitia RhoA na ROCK. Ndiyo maana watafiti wa neva waliipenda kemikali hii baada ya kutangazwa mwaka 1997. Lakini seli zako hazikukatwa wala hazikuwekwa juu ya kizuizi chochote. Ulichokiona ni seli kubadilika umbo na kurefusha nyuzi, nacho ni kitu halisi, ila kuota upya maana yake ni aksoni iliyokatika kukua tena, na hatimaye kufika inakotakiwa na kuunganika.

Ukitaka kulikaribia neno hilo, chukua neva za hisia kutoka kwenye vifundo vya kando ya uti wa mgongo, zikuze juu ya laminini, protini ambayo neva hupenda kukua juu yake, kisha katika sahani nyingine changanya laminini hiyo na proteoglikani. Kemikali ikirudisha urefu wa nyuzi kwenye sahani yenye kizuizi, utakuwa na hoja. Baada ya hapo kata aksoni na upime zilizochipua tena kutoka kwenye mkato.

Fundi Pipeti
Mimi naomba kuuliza jambo dogo kabla ya hayo makubwa: uliyeyusha kemikali katika kiyeyushi gani, na sahani linganishi uliiwekea nini?

Mdadisi wa Seli
Niliyeyusha kwa DMSO, kile kiyeyushi cha kawaida cha maabara. Sahani linganishi sikuiwekea kitu.

Fundi Pipeti
Basi hapo pana kosa la pili. DMSO yenyewe inaweza kubadilisha tabia ya seli, kwa hiyo sahani zako zimetofautiana kwa mambo mawili, si moja. Y-27632 ya chumvi ya dihidrokloraidi huyeyuka kwenye maji. Miligramu 1 katika mililita 0.31 za maji safi itakupa takriban milimola 10 kwa lita, kisha mikrolita 1 ya hiyo katika kila mililita ya chakula cha seli inakupa maikromola 10. Soma uzito wa molekuli kwenye kichupa chako, kwa sababu iliyobeba maji ya fuwele ni nzito kidogo. Gawanya katika vichupa vidogo ugandishe, usiyeyushe na kugandisha kichupa kimoja mara kumi. Tena weka sahani ya tatu yenye NGF, protini inayochochea ukuaji wa neva, maana PC12 zinajulikana kwa kuiitikia, ingawa itachukua siku kadhaa. Kumbuka pia kwamba kwa kiwango hicho Y-27632 hugusa vimeng'enya vingine, hasa PRK2. Kemikali ya pili inayozuia ROCK, yenye muundo tofauti, itakusaidia kuhakiki.

Msomaji wa Kando
Kuna anayeweza kusoma haya akafikiri ni dawa ya waliopooza. Siyo, ni kemikali ya maabara. ROCK hufanya kazi pia kwenye misuli ya mishipa ya damu, na Y-27632 ilishusha shinikizo la damu kwa panya. Ndugu yake, fasudili, dawa ambayo nayo huzuia ROCK, iliidhinishwa Japani mwaka 1995, lakini kwa ajili ya kubana kwa mishipa ya ubongo baada ya damu kuvuja, si kwa kuotesha neva.

Mdadisi wa Seli
Nimewaelewa, na nawashukuru. Sentensi yangu sasa inasomeka hivi: "Seli za PC12 zilizowekewa Y-27632 zilitoa nyuzi ndefu kuliko zisizowekewa, athari ya kiyeyushi haijatenganishwa." Sahani mpya, zenye kemikali iliyoyeyushwa kwa maji, zinaingia inkubeta leo jioni.